Kubadilisha Diski ya Kinasa Bila Kupoteza Vipindi

Barua nyingi zilizofika kwenye ukurasa huu zinahusu kinasa video cha dijitali, kile kisanduku kinachokaa chini ya televisheni na kurekodi vipindi kwenye diski kuu iliyomo ndani yake. Waandishi wake wanataka diski kubwa zaidi, ila hawako tayari kuviaga vipindi walivyovitunza kwa miaka. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu zilizobaki zinaitegemea.

SWALI: Ndugu Mtaalamu, salaam. Nina kinasa chenye diski ya gigabaiti 500, na kwa wiki tatu sasa kila nikitaka kurekodi kipindi kinaniambia kwamba nafasi haitoshi, nifute kingine kwanza. Nimeshafuta vyote ambavyo moyo wangu ulikubali. Vilivyobaki siwezi kuvigusa, kikiwemo kipindi cha dakika 40 ambamo marehemu baba yangu alihojiwa kuhusu kazi yake ya useremala. Fundi niliyemwita amesema kuweka diski ya terabaiti 2 ni kazi ya nusu saa, ila vipindi vyote vya zamani vitapotea kwa kuwa kinasa hufomati, yaani hufuta na kuandaa upya, kila diski mpya kinayopewa. Je, hakuna njia nyingine? (Mama wa Wawili)

JIBU: Mama, pole kwa usumbufu. Fundi wako hakukudanganya, lakini amekueleza nusu ya habari. Ni kweli kwamba kinasa kikikuta diski kisiyoitambua huomba ruhusa ya kuifomati, na vingine haviombi hata hiyo ruhusa; TiVo Roamio, kwa mfano, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ikiwekewa diski tupu isiyozidi terabaiti 3 huiandaa yenyewe na kuendelea na kazi. Hata hivyo, inayofomatiwa ni diski mpya. Ile ya zamani, ikishatolewa na kuwekwa kando, bado ina kila kitu kilichokuwemo, na sauti ya baba yako imo. Kwa hiyo suala lenu ni mawili: namna ya kuvihamisha vipindi, na kama vikishahamishwa kinasa kitakubali kuvionyesha.

Kabla ya yote hayo, naomba ufanye jambo moja leo, wakati kinasa bado kinafanya kazi na hakuna aliyegusa skrubu. Kitoe kile kipindi cha baba. Unganisha kinasa na chombo kingine cha kurekodi kwa kupitia tundu la kutolea picha na sauti, ucheze kipindi kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kile chombo cha pili kikirekodi kinachopita. Tundu la HDMI mara nyingi huwa na kinga dhidi ya kunakili na chombo cha pili kitaonyesha picha nyeusi. Katika hali hiyo tumia waya wa zamani wenye vichwa vitatu, vya njano, chekundu na cheupe, iwapo kinasa chako bado kina matundu yake. Picha itapungua ubora, hilo sikufichi. Lakini utakuwa na nakala isiyotegemea diski, fundi wala mimi, na gharama yake ni dakika 40 za kukaa na kutazama. Mambo mengine yote nitakayoeleza yana uwezekano wa kwenda kombo, na sipendi yaende kombo na kipindi hicho kikiwa ndani.

Sasa tuje kwenye diski. Vinasa havihifadhi vipindi kwa namna moja, na namna hizo ndizo zinazoamua iwapo utahamisha kwa urahisi, kwa taabu, au hutahamisha kabisa.

Vipo vinasa vilivyo wazi. Vingi vya jamii hii hutumia mfumo wa Linux, kama vile visanduku vya Dreambox, na kila kipindi ni faili la kawaida lenye kiambishi cha ts, likiwa ndani ya folda iitwayo movie. Kwa vinasa hivi kazi ni nyepesi. Unaweka diski mpya ndani ya kinasa, unakiacha kiifomati chenyewe kwa menyu yake, kisha unanakili folda nzima kutoka diski ya zamani hadi mpya kwa kutumia kompyuta. Nimesema folda nzima kwa makusudi, kwa sababu kando ya kila faili kubwa la kipindi kuna vifaili vidogo vidogo vyenye jina lile lile na viambishi tofauti, ambavyo mtu mwenye haraka huviona kama takataka. Vifaili hivyo ndivyo vinavyobeba jina la kipindi, maelezo yake, alama za mahali ulipokatizia kutazama, na orodha ya sehemu ambazo kinasa kinaweza kurukia unapopeleka mbele. Ukiviacha, kipindi kitacheza, lakini katika orodha utakutana na jina refu la faili badala ya jina unalolijua, na ukibonyeza kitufe cha kupeleka mbele picha itayumba.

Vipo pia vinasa vyenye mfumo wao wenyewe wa kupanga data, ambao kompyuta ya kawaida haiufahamu. Mfano unaojulikana zaidi ni TiVo, ambayo tangu ilipoingia sokoni mwaka 1999 imekuwa ikitumia mfumo wake uitwao MFS. Diski ya namna hii ukiichomeka kwenye kompyuta yenye Windows, kompyuta itasema haioni kitu na itakuuliza kama ungependa kuiandaa kwa matumizi. Kataa. Jibu hilo ni la kukataa hata ukiulizwa mara kumi, maana ukikubali, kompyuta huandika jedwali lake mwanzoni mwa diski, mahali hasa ambapo kinasa huanza kusoma kinapowaka. Diski za jamii hii hazinakiliwi faili kwa faili. Hunakiliwa sekta kwa sekta, yaani kompyuta inachukua kila baiti kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kuipeleka diski mpya bila kujali maana yake, kama mtu anayenakili hati ya lugha asiyoijua, herufi kwa herufi.

Kisha kuna suala la kusimbwa, ambalo linaweza kukikumba kinasa cha jamii yoyote kati ya hizo mbili. Vinasa vingi vya televisheni ya kulipia, na karibu kila televisheni inayorekodi kwenye diski ya nje, huandika vipindi vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri uliomo kwenye bodi kuu au kwenye kadi ya mteja. Kunakili diski hakuufungui ufunguo huo, wala si lazima ufunguliwe: nakala kamili ikirudi kwenye kinasa kile kile, ufunguo ni ule ule na vipindi vitacheza. Ikienda kwenye kinasa kingine, hata cha muundo ule ule, itakuwa kelele tupu.

Utajuaje chako ni cha jamii gani? Fundi wako aitoe diski, aiunganishe na kompyuta iliyowashwa kwa Linux kutoka kwenye flashi, na aifungue kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika. Akiona folda zenye mafaili ya gigabaiti moja moja au zaidi, anakili faili moja na kulicheza kwa programu kama VLC. Likicheza, uko katika jamii ya kwanza na hakuna msimbo. Akiona mafaili yasiyocheza, kuna msimbo. Asipoona chochote kinachoeleweka, akichukulie kuwa cha jamii ya pili na anakili sekta kwa sekta, njia ambayo haidhuru jamii yoyote.

Hapa sina budi kukiri kosa langu, ili lisiwe lenu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa mezani na diski mbili zinazofanana kwa rangi na ukubwa wa umbo, moja ikiwa imejaa vipindi vya rafiki yangu na nyingine ikiwa mpya kutoka kwenye mfuko wake. Amri ya dd, ambayo ndiyo hutumika sana kwa kazi hii, inataka uitajie mahali pa kusoma na mahali pa kuandika, na mimi nilizitaja kinyume. Kwa dakika mbili hivi, hadi nilipogundua, nilikuwa nikinakili utupu juu ya vipindi vyake. Mwanzo wa diski ukiwa umefutika, kinasa hakikuitambua tena. Tangu siku hiyo hubandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya kila diski, nikaandika ZAMANI na MPYA kwa kalamu nene, na kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza husoma kwa sauti namba ya muundo na namba ya mfululizo kama zinavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta, huku nikizilinganisha na zilizochapishwa kwenye lebo. Kutegemea ukubwa peke yake hakutoshi, ingawa kwako, Mama, ambapo moja ni ya 500 na nyingine ni ya 2000, utasaidia.

Kuhusu muda, diski zikiwa zimeunganishwa moja kwa moja na kompyuta, kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde ni ya kutarajiwa, na gigabaiti 500 zitachukua takriban saa moja na dakika 23. Mkitumia adapta ya USB ya toleo la 2.0, ambayo kwa kawaida hufikia megabaiti 30 hivi, andaeni saa nne na nusu au zaidi. Kwa hiyo nusu saa ya fundi ni ya kufungua na kufunga kifuniko tu.

Nakala ikikamilika, diski mpya iingie kwenye kinasa kwanza kama ilivyo, kabla ya kupanuliwa. Kicheze kipindi kimoja mwanzoni, katikati na mwishoni, kisha kingine kilichorekodiwa siku za nyuma zaidi, kisha kirekodi kipya cha dakika tano. Vyote vikikubali, ndipo upanuzi ufanyike, jambo nililolieleza katika jibu linalofuata. Diski ya zamani isirudi kazini wala isifomatiwe. Iwekeni kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na muiache kabatini kwa miezi kadhaa.

Mawili ya mwisho kwa fundi. Sehemu ya umeme ndani ya vinasa vingi haina kifuniko, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo vidole vikae mbali nayo. Na kama kinasa ni cha kukodishwa, mali ni ya kampuni. Soma mkataba kabla ya kukifungua.

SWALI: Ndugu Mtaalamu, nimejifunza mwenyewe kunakili diski sekta kwa sekta na nimefaulu. Vipindi vyote vipo na vinacheza. Tatizo ni kwamba diski mpya ni ya terabaiti 2 lakini kinasa bado kinaonyesha gigabaiti 465, zile zile za zamani. Je, nimeuziwa diski ya bandia? Katika menyu kuna chaguo la kufomati. Nikilibonyeza nafasi itaongezeka? (Kaka Mvumilivu)

JIBU: Kaka, hongera, na tafadhali ondoa kidole kwenye chaguo hilo. Nafasi itaongezeka kweli, na vipindi ulivyovitolea jasho vitaondoka navyo.

Diski yako si ya bandia. Ulinakili kila baiti, ikiwa ni pamoja na jedwali la mwanzoni linaloeleza kwamba diski hii ina sehemu kadhaa na inaishia mahali fulani. Jedwali hilo liliandikwa kwa ajili ya diski ndogo, nalo sasa linasema yale yale juu ya diski kubwa. Nafasi iliyobaki ipo, ila hakuna aliyeitaja. Hizo 465 nazo zisikutie shaka. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni moja, ilhali vinasa vingi huhesabu baiti 1,073,741,824, na kwa hesabu hiyo diski ya 500 husomeka 465 na ya terabaiti 2 itasomeka karibu 1,863.

Namna ya kupanua hutegemea mfumo. Kwa vinasa vya TiVo vya vizazi vya mwanzo zimekuwepo programu kama WinMFS na MFSTools, ambazo haziivuti sehemu iliyopo bali huongeza jozi mpya ya sehemu mwishoni na kukiarifu kinasa kwamba zipo. Kwa vinasa vya Linux vinavyotumia mfumo wa faili wa ext3 au ext4, kazi ina hatua tatu na mpangilio wake haubadiliki: kwanza unakagua mfumo wa faili kwa e2fsck, kisha unaurefusha mpaka wa sehemu katika jedwali, na mwisho unaunyoosha mfumo wa faili wenyewe kwa resize2fs ili ujaze mpaka mpya. Anayeruka ukaguzi hupanua pamoja na makosa yaliyokuwepo.

Kwa vinasa vya kampuni za kulipia, ambavyo mfumo wake haujaelezwa hadharani, huwa hakuna programu ya kupanua, na hapo unachagua moja: kubaki na nakala yenye ukubwa wa zamani, au kukiacha kinasa kifomati diski mpya na kuanza upya, huku diski ya zamani ukiirudisha ndani siku unapotaka kutazama vya zamani. Mimi ningechagua la pili kuliko kuendelea kulipigania la kwanza, mradi kinasa kinakubali kubadilishiwa diski huku na huko.

Vipo pia vikomo viwili ambavyo hakuna programu ya kupanua inayoweza kuvivuka peke yake. Vinasa vya kale vinavyohesabu sekta kwa biti 28 haviwezi kuona zaidi ya gigabaiti 137, hata ukivipa diski ya ukubwa gani. TiVo za kizazi cha kwanza zilikuwa hivyo hadi kiini cha mfumo wake kibadilishwe. Na jedwali la sehemu la aina ya MBR, lenye sekta za baiti 512, huishia takriban terabaiti 2.2. Diski yako ya terabaiti 2 iko chini kidogo ya kikomo hicho, nami nadhani ulichagua vizuri, kwa kujua au kwa bahati.

SWALI: Mtaalamu, picha za vipindi nilivyorekodi zimeanza kuganda na kuvunjika vipande vipande, na ndani ya kinasa nasikia mlio wa tik tik tik. Nilijaribu kunakili diski kwa dd, ikasimama njiani na kusema kuna hitilafu ya kusoma. Jirani ameniambia niiweke diski kwenye friji usiku kucha, ati huwa inapona. (Msomaji Mwenye Hofu)

JIBU: Usiiweke kwenye friji. Ushauri huo umezunguka kwa miaka mingi, na matokeo yake ni unyevu unaoganda ndani ya chombo ambacho vichwa vyake huelea juu ya sahani kwa umbali usioonekana kwa macho.

Jambo la haraka ni kukizima kinasa na kuchomoa plagi sasa hivi, hata kama hurekodi chochote. Wengi hawajui kwamba kinasa kinapowaka hakipumziki: kinaandika mfululizo stesheni unayoitazama, ili uweze kusimamisha na kurudisha nyuma, na kila dakika ya kuandika kwenye diski inayokufa hupunguza kinachoweza kuokolewa.

Mlio huo unaweza kuwa wa diski, na unaweza pia kuwa wa sehemu ya umeme iliyochoka ambayo haiipi diski nguvu ya kutosha, kwa hiyo ukishaiunganisha na kompyuta usikilize kama bado upo. Kisha fungua ripoti ya afya ambayo kila diski hujiandikia, iitwayo SMART, na utazame mistari mitatu: namba 5, inayohesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa, namba 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa, na namba 198, zilizoshindikana kusomwa. Sifuri katika zote tatu zingenifanya niushuku umeme au waya. Mstari wa 197 ukiwa na mamia, diski inakwisha.

Programu ya dd haikuumbwa kwa ajili ya mgonjwa. Ikikuta sekta isiyosomeka husimama, kama ulivyoona, na wapo wanaoilazimisha iendelee bila kuiambia ijaze pengo, ambapo kila kinachofuata husogea kutoka mahali pake na nakala yote kuanzia hapo haina maana kwa kinasa. Tumia GNU ddrescue. Hii huanza kwa kuchota kwa haraka sehemu zote zinazosomeka bila ubishi, ikiruka zenye matatizo, kisha hurudi kwenye zile ngumu na kuzikaribia kidogo kidogo kutoka pande zote mbili. Muhimu zaidi ni faili dogo la ramani ambamo huandika kilichopatikana na kisichopatikana. Usiache kuitajia jina la faili hilo unapoanza, kwa sababu umeme ukikatika au diski ikihitaji kupoa, utaendelea pale ulipoishia badala ya kuichosha diski upya. Kazi inaweza kuchukua siku mbili au tatu. Iache, na uielekezee feni ndogo.

Usikate tamaa ukiona imekosa sehemu chache. Kipindi kinachorekodiwa kwa megabiti 8 kwa sekunde hutumia megabaiti moja kila sekunde, na sekta iliyopotea ya baiti 4,096 ni kiasi cha sehemu 4 za elfu za sekunde. Utaona miraba kwenye picha na sauti itakwaruza, kisha kipindi kitaendelea. Balaa huja pale sekta iliyopotea inapokuwa katika orodha ya mafaili, maana hapo vipindi vipo lakini hakuna ajuaye vilipo. Ndiyo maana nakala ya diski mbovu usiipanue kabla ya kuikagua. Kwa kinasa cha TiVo maana yake ni kukiacha kifanye ukarabati wake chenyewe kinapowaka, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa, bila mtu kuchomoa plagi kwa kudhani kimekwama.

SWALI: Kinasa chetu kilipigwa na umeme na hakiwaki, ila diski ni nzima. Tumenunua kingine cha muundo ule ule. Tukihamishia diski humo, vipindi vitaonekana? (Familia Moja)

JIBU: Kama vipindi havikusimbwa, ndiyo. Kama vilisimbwa kwa ufunguo ulio kwenye bodi kuu, hapana, na kwa TiVo za kuanzia kizazi cha pili ndivyo ilivyo: huenda mkaona majina ya vipindi katika orodha lakini havitacheza. Njia iliyobaki ni kumpelekea fundi wa bodi kile kinasa cha zamani. Mara nyingi umeme ukipiga huua sehemu ya kuugawa tu na kuiacha bodi kuu hai, na sehemu hiyo inaweza kuchukuliwa kutoka kwenye kinasa mlichonunua ikapachikwa katika cha zamani. Msikiwashe kipya kwa mara ya kwanza kikiwa na diski ya zamani ndani, kwa sababu kinaweza kuona ni ya kigeni na kuifuta. Vilevile, iwapo cha zamani kilikuwa na diski ya pili iliyounganishwa kwa nje, isiachwe nyuma. Kuna vinasa vinavyogawa kipindi kimoja katika diski zote mbili, na mojawapo ikikosekana hakichezi.

SWALI: Kwa nini nihangaike na diski za kuzunguka? Si bora niweke SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani, haina kelele na ina kasi? (Kijana wa Kisasa)

JIBU: Kelele utaiondoa, na kwa sababu hiyo peke yake siwezi kukucheka. Kasi haitakusaidia: vipindi viwili vinavyorekodiwa kwa pamoja kwa megabiti 8 kila kimoja vinahitaji megabaiti 2 tu kwa sekunde, na diski ya kuzunguka huzimudu bila jasho. Piga hesabu ya upande wa pili. Megabaiti 2 kwa sekunde, usiku na mchana, ni takriban gigabaiti 173 kwa siku, kwa kuwa kinasa huandika hata pale unapolala. SSD iliyokadiriwa kuhimili terabaiti 300 za kuandikwa itafikia kikomo hicho chini kidogo ya miaka mitano, na kinasa chako kikiwa na vitafuta mawimbi vinne, yaani kikirekodi vipindi vinne kwa pamoja, katika nusu ya muda huo.

Ukibaki na diski ya kuzunguka, chagua zilizotengenezwa kwa ajili ya video inayorekodiwa bila kukoma, kama vile Western Digital Purple au Seagate SkyHawk, na uulize kabla ya kununua kama njia zake za data zimepandiana kama vigae vya paa, mtindo unaoitwa SMR. Diski za mtindo huo hulazimika kuandika upya njia za jirani kila zinapobadilisha data, na kinasa kinachofuta na kuandika mchana kutwa huzifanya zisite katikati ya kipindi. Angalia pia unene: kinasa kilichotengenezewa diski ya inchi 2.5 hakitakupa nafasi ya ile ya inchi 3.5, na baadhi ya diski ndogo zenye uwezo mkubwa zina unene wa milimita 15, ambao kifuniko cha kinasa chembamba hakiwezi kufungika juu yake.